Sakafu Chini ya Maji

Siku tano kwa juma Mokaya aliishi ndani ya ngurumo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia majani katika kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Kericho, na humo ndani watu huzungumza kwa mikono. Akitoka jioni kichwa kilikuwa bado kinavuma, na nyumbani alimwomba mkewe chumvi kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Wazazi wake walikuwa wametoka Kisii wakiwa vijana kuja kuchuma chai, wakamzaa katika nyumba za laini za wafanyakazi, hatua chache kutoka kwa boila ya kiwanda.

"Wewe ulizaliwa kwa kelele," mkewe Phelis alipenda kumwambia. "Siku ukinyamaza nitaita daktari."

Jumamosi ilikuwa ya kanisa. Jumapili ilikuwa yake peke yake, na Jumapili aliitoa nje pikipiki yake kubwa ya safari. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiizunguka Afrika, mpaka mgongo ukamkatalia pale Kericho. Ilikuwa ndefu kama ndama wa mwaka, yenye magurudumu ya meno makubwa na bomba la moshi lililopandishwa karibu na kiti. Wenzake kiwandani walimuuliza inabeba magunia mangapi. Aliwajibu kwamba haibebi gunia lolote, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mokaya hakuwaambia kwamba alikuwa akitafuta maji.

Ilianza siku moja alipopotea njia akielekea Chebunyo, akakuta mto umefunika barabara. Aliingia kwa woga. Maji yalipopanda magotini, kisha mapajani, sauti ya injini ilizama ikawa mnong'ono chini ya miguu yake. Pande zote mbili mawimbi madogo yalifunguka taratibu, na kwa muda ambao hakuweza kuupima, kichwa chake kilikuwa kitupu na kitulivu. Alipotokea ng'ambo alikaa juu ya nyasi huku maji yakichuruzika kutoka kwa buti. Alitaka kurudi ndani palepale.

Tangu hapo alijifunza kama mtu anayejifunza lugha. Unavuka kwanza kwa miguu, na fimbo mkononi, ukipapasa mawe na mashimo. Unaingia kwa gia ya kwanza, mkono wa mafuta umetulia. Macho hayaangalii maji, kwa sababu maji yanakwenda, na ukiyaangalia utakwenda nayo. Zaidi ya yote, huzimi injini ukiwa ndani, maana moshi unaotoka ndio unaozuia maji yasiingie kwenye bomba.

Jumapili moja ya Oktoba alifika Ndanai asubuhi, mashati ya watu bado yana baridi. Aliwauliza wanabodaboda sokoni jinsi ya kuvuka mto.

"Pitia Sakafuni," walimwambia. "Usijaribu kwingine. Kwingine ni matope, utabaki huko mpaka Krismasi."

Alidhani ni jina tu, jinsi mahali pengine huitwa Mawingu au Kona Mbaya.

Alipofika aliona kwanza daraja. Lilisimama pakavu, katikati ya nyasi, mbuzi wamelala kivulini mwake, na chini yake hapakuwa na tone la maji. Mto wenyewe ulipita kando, mwendo wa kurusha jiwe, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Ukungu ulikuwa haujainuka. Ng'ambo ilionekana na kupotea, ikaonekana tena, na Mokaya akahisi ni kama bado amelala kitandani Kericho na mtu mwingine ndiye anayemwotea safari hii.

Alivua buti, akachukua fimbo, akaingia kwa miguu. Mawe ya kawaida, ya mviringo, yenye utelezi. Akateleza mara mbili. Kisha, karibu na katikati, mguu wake ukakanyaga kitu bapa. Akapiga hatua nyingine, bado bapa. Akapapasa kwa vidole vya miguu: laini, imenyooka, na maji juu yake yalifika mapajani bila kupanda wala kushuka. Alitembea hatua saba au nane, kisha ukingo, kisha mawe tena.

Alirudi, akaiwasha pikipiki, akavuka. Pale penye mawe ilirukaruka chini yake, lakini ilipofika mahali bapa ilitulia na kuteleza mbele kama kitu kinachoelea. Hakuwahi kuvuka mto kwa ulaini namna ile.

Ng'ambo, juu kidogo ya ukingo, mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli mweusi, akichambua maharagwe kwenye ungo. Mokaya alizima injini, akavua helmeti.

"Chamgei, gogo," alimsalimia kwa Kikipsigis chake cha sokoni, akimwita bibi.

"Chamgei." Hakuinua macho. "Wewe umepita kwa nyumba yangu na hata hukubisha."

Mokaya aligeuka nyuma. Palikuwa na maji tu.

"Nyumba gani, gogo?"

"Hiyo." Alinyoosha mdomo kuelekea mtoni, jinsi watu wa huko wanavyoonyesha kitu. "Umeingia kwa dirisha la chumba ya kulala, ukatokea kwa ukuta ya jikoni. Hao wa bodaboda pia, kila siku. Wanabeba cement, wanabeba kuku, wanapita tu."

Jina lake lilikuwa Chemutai. Alimweleza bila haraka, akitupa maharagwe mabovu kando. Mvua kubwa za mwaka juzi zilikuwa zimeujaza mto kwa siku tisa. Siku ya kumi, mchana kweupe, mto uliliacha daraja ukaja kwake. Hakuumia mtu. Yeye alikuwa shambani juu, akasikia kishindo, akashuka, akaona paa lake likienda mbele ya macho yake, likiwa bado limekaa sawasawa, mpaka lilipopinda kwenye kona. Kuta zilikuwa za udongo, ziliyeyuka. Ila sakafu ilikuwa ya saruji juu ya mawe makubwa, ikadidimia kidogo, ikabaki. Mtoto wake Johana, anayefanya kazi Silibwet, alimjengea nyumba nyingine ya mabati pale kilimani.

"Ni nzuri?" Mokaya aliuliza.

"Ni nzuri." Alitikisa ungo. "Mimi nalala huko. Lakini sijawasha moto ndani. Napika hapa nje."

Mokaya aliona mafiga matatu kando ya kiti chake, na majivu.

"Nataka unipeleke," Chemutai alisema.

"Wapi, gogo?"

"Kwangu. Hapo. Mimi magoti imekataa, maji itanibeba. Lakini hiyo pikipiki yako ni kama ng'ombe. Nimeiona ikipita. Haikutingishika."

Mokaya alimtazama: mwembamba, shuka limefungwa begani, labda miaka sabini na tano. Aliutazama mto. Alifikiria mguu mmoja ukiteleza, na yeye akisimama mbele ya huyo Johana akijaribu kueleza kilichompeleka mama wa watu majini.

"Siwezi, gogo. Ukianguka nitasema nini?"

Mzee hakubishana naye. Aliokota haragwe moja, akaligeuza, akalitupa.

"Sawa. Basi pita polepole ukirudi. Hapo katikati kuna ufa kwa sakafu, usiiongeze."

Mokaya alirudi kwa njia nyingine, ya mzunguko, kupitia barabara ya lami. Hakuweza kupita pale tena.

Wiki ile kiwandani hakuisikia mashine hata moja. Mikono yake ilifunga na kufungua nati, lakini akilini alikuwa ndani ya nyumba ya maji. Aliona kitanda kikiwa kimetandikwa chini ya maji na shuka likipunga mkono. Aliona sufuria zimepangwa, na samaki wadogo wakiingia na kutoka bila haraka. Aliona pikipiki yake mwenyewe ikipita juu ya kitanda. Jumatano alimsimulia Phelis habari za mzee, akitarajia amcheke.

Phelis alikuwa akikata sukuma wiki. Kisu kilisimama.

"Kwa hivyo ulimkatalia?"

"Mama Mongina, ni maji. Ni mto. Yule ni mzee."

"Baba Mongina, kila Jumapili unajiingiza majini na hata huna unachoenda kuchukua. Leo mtu ana kitu huko, unamwambia ni maji?"

"Nikimwangusha?"

"Humwangushi. Nitakuja nimshike." Akaendelea kukata. "Na kamba utabeba. Ile ndefu ya ng'ombe ya kaka yako."

Phelis hakuwahi kuipanda ile pikipiki. Alikuwa ameapa hataipanda. Jumapili iliyofuata alivaa suruali ya kazi chini ya sketi, akafunga kitambaa cha kichwa, akapanda, na kutoka Kericho mpaka Sotik alikuwa amemkumbatia Mokaya kiunoni kwa nguvu kiasi kwamba mumewe alipumua kwa shida. Mashamba ya chai yalipita kando yao yakiwa yamefunikwa na ukungu, vichwa vya miti tu vikitokeza. Kufikia Ndanai mikono yake ilikuwa imelegea kidogo.

Mto ulikuwa umepungua kiganja kimoja hivi. Walizunguka kwa barabara ya lami, wakamkuta Chemutai kwenye kiti chake. Aliwatazama, akaiona kamba, akakunja mwavuli bila kuuliza neno.

"Mwanao anajua?" Mokaya aliuliza.

"Nilimpigia simu Jumatatu. Nikamwambia wewe utarudi."

"Alisemaje?"

"Alisema nimeota." Akacheka, na Phelis akacheka naye.

Walipanga. Phelis alifunga ncha moja ya kamba kwenye mti wa ukingoni, nyingine akajifunga mwenyewe kiunoni, ili atembee majini upande wa chini, ambako mto ungemsukuma mzee kama angeteleza. Chemutai alipandishwa nyuma ya Mokaya, miguu mitupu, sketi imekunjwa. Hakuwa na uzito zaidi ya debe la majani mabichi. Mokaya alikuwa tayari kuondoka, halafu wazo likamjia.

"Gogo, mlango ulikuwa upande gani?"

Kisha kidole kikapita kando ya shavu lake, kikaonyesha.

"Huko chini. Ulikuwa unaangalia mahali jua inaingia."

Ilimaanisha kushuka na mto, kuizunguka sakafu yote, kisha kugeuka na kupanda dhidi ya maji. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angevuka hivyo. Mokaya aliingiza gia ya kwanza.

Maji yalipanda kama kawaida, magoti, mapaja, na mnong'ono ule ukaanza. Aliangalia mti mmoja ng'ambo. Mawe yaliviringika chini ya gurudumu la mbele, aliyaacha yaviringike. Alipogeuka, mto uliipiga pikipiki ubavuni, ikalala polepole kuelekea kushoto, na alijua kabisa kwamba inaanguka. Kisha ikasita. Phelis alikuwa ameweka bega lake chini ya mfuko wa mizigo ulio nyuma ya kiti, maji yamemfika kifuani, kitambaa kimemtoka kichwani kinakwenda zake.

"Enda!" alipiga kelele. "Enda, nimeshika!"

Mokaya alikaza mkono. Gurudumu likapiga ukingo wa saruji, likaruka, likapanda. Ukaja ule utulivu. Walikuwa ndani.

Alisimamisha pikipiki, miguu yote miwili chini. Maji yalipita yakijigawanya mbele yao na kuungana nyuma. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu, na juu ya sakafu, kwa mara ya kwanza, aliweza kuona chini: rangi ya kijivu ikitetemeka, na mstari mweusi wa ule ufa.

"Zima hiyo kitu," Chemutai alisema. "Siwezi kusikia."

"Gogo, nikizima maji yataingia kwa bomba. Haitawaka tena hapa."

"Zima, mwanangu."

Tangu aanze kuingia majini hakuwahi kuivunja kanuni ile. Aligeuza ufunguo.

Mnong'ono ukaisha. Bomba likameza maji, likatoa sauti ya chupa inayojazwa, likanyamaza. Ikabaki sauti ya mto peke yake, na ndege fulani mbali kwenye mahindi. Mokaya hakukumbuka siku nyingine ambayo alisikia kidogo namna ile.

Chemutai alishuka. Phelis alimshika mkono mmoja, naye Mokaya akamshika mwingine huku ameegemeza pikipiki kwenye nyonga. Mzee alisimama kwenye sakafu yake, maji yamemfika kiunoni. Alifumba macho. Alianza kutembea, akipapasa kwa vidole vya miguu, nao wakamfuata kadiri mikono ilivyofika.

"Hapa meza," alisema. "Hapa kiti ya baba yao. Hapa Johana alianguka akakata mdomo." Hatua. "Hapa nilizaa watatu. Mmoja nilimzaa pale, sikufika kitandani." Alipofika kwenye ufa alisimama, akausugua kwa kidole gumba cha mguu, huku na huku. "Huu ulikuwa unaingiza siafu. Nilisema siku moja nitaweka cement."

Phelis alikuwa analia bila sauti, au ni maji tu yaliyokuwa usoni mwake. Mokaya hakuuliza.

"Ni ndogo," Chemutai alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na mshangao. Akafumbua macho. "Nilikuwa nafikiria ni nyumba kubwa sana. Kumbe ni hapa mpaka hapo." Alitazama kushoto na kulia, kama mtu anayepima kitambaa. "Na tulitosha wote."

Walikaa pale kwa muda. Baridi ilianza kuwapanda. Hatimaye mzee akasema amechoka, anataka chai.

Kumtoa kulikuwa rahisi kuliko kumwingiza. Mokaya aliilaza pikipiki ikiegemea jiwe lililojitokeza, kisha yeye na mkewe wakafungamanisha mikono kuwa kiti, wakambeba huku wakifuata kamba mpaka ukingoni. Kisha wakarudi wawili kwa ajili ya pikipiki. Waliisukuma hatua kwa hatua, wakianguka, wakicheka, Phelis akiitukana kwa Ekegusii, lugha ya kwao, matusi ambayo Mokaya hakujua kwamba mkewe anayajua.

Juu ya nyasi aliisimamisha kwa gurudumu la nyuma kama farasi, na maji yakamwagika kutoka kwenye bomba. Alitoa plagi, akaifuta, akaianika kwenye jiwe. Alipobonyeza kitufe cha kuwashia, tundu la plagi lilitema maji mpaka kwenye miguu ya Phelis. Alirudia tena na tena mpaka likatoa hewa tupu.

Wakati huo mwanamke mzee alikuwa amepanda kilimani peke yake, polepole. Waliona moshi. Haukutoka kwenye yale mafiga ya ukingoni. Ulitoka chini ya paa la mabati, ukipenya kwenye nafasi kati ya ukuta na bati.

"Njooni," aliita kutoka mlangoni. "Au mnataka niwaletee huko kama wageni?"

Ndani mlinukia mbao mpya na moshi mpya. Walikunywa chai, wakala mahindi ya kuchemsha, nguo zao zikivukiza mvuke mbele ya moto. Chemutai alimuuliza Phelis habari za watoto, za kazi, za mama yake huko Kisii. Habari za mto hazikuguswa. Pikipiki iliwaka jaribio la tano, ikitoa moshi mweupe mzito, nao wakaondoka jua likiwa bado juu. Njiani Phelis alilala usingizi, kichwa mgongoni mwa mumewe, na Mokaya aliendesha taratibu sana, akihisi pumzi ya mkewe ikiingia na kutoka kati ya mabega yake.

Mvua za Aprili zilikuja kubwa. Mokaya hakuweza kusafiri mpaka katikati ya Mei. Wanabodaboda wa Ndanai walimwambia azunguke, hakuna Sakafuni tena: mto ulikuwa umechimba chini ya mawe, saruji ikavunjika vipandevipande, na sasa pale ni shimo ambalo hata trekta halitoki. Alizunguka kwa barabara ya juu, moyo mzito, akitafuta maneno ya kumwambia mzee.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya mabati, amepiga magoti kwenye matope, mikono imelowa damu mpaka kwenye viwiko.

"Gogo, nimesikia habari ya sakafu."

"Imeenda," Chemutai alisema bila kugeuka. "Wiki ya pili ya mvua. Wewe vua koti. Ng'ombe yangu inazaa na huyu ndama ni mkubwa, mimi nimevuta mpaka mikono imekufa."

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, akihema, na chini ya mkia wake kwato mbili ndogo, nyeupe, zenye utelezi, zilikuwa zimechungulia nje. Mokaya alivua koti, akavua na helmeti ambayo alisahau kuwa bado ameivaa. Alipiga magoti kando yake.

"Shika juu ya kifundo. Mama akisukuma, vuta. Akipumzika, pumzika. Usishindane naye."

Alishika. Palikuwa na joto na utelezi kama mawe ya mtoni. Ng'ombe alikakamaa, Mokaya akavuta; akalegea, naye akalegea. Mara ya tatu, mara ya nne. Mzee alikuwa akimwimbia ng'ombe kwa sauti ya chini, maneno ambayo Mokaya hakuyajua. Kisha pua ikatokea, na ulimi wa rangi ya zambarau, kisha paji la uso, na kwa ghafla ndama mzima akateleza nje pamoja na maji yake yote, yakamwagikia mapaja ya Mokaya yakiwa ya moto.

Ndama hakusogea. Chemutai alimfuta pua kwa nyasi, akamsugua ubavu kwa nguvu, akampiga kofi.

Ndama alipiga chafya.

"Jike," Chemutai alisema, akiinua mguu wa nyuma kuhakikisha. Alikaa chini kwenye matope, akanyoosha magoti yake yaliyokataa, akacheka. "Ngoja nikapumzike kidogo. Wewe kaa naye hapo, mama yake asije akamkanyaga."

Mokaya akakaa, mikono imelowa, akimtazama ndama akijaribu kukunjua mguu wa kwanza.